Samaki Asiye na Milia

Zamani zetu hapa Kamina, ukitaka kujua kitu ulikuwa unakingojea. Hakukuwa na simu ya kuiuliza. Ulimwuliza mwalimu, mwalimu asipojua akamwuliza padri, na padri asipojua mlikaa wote mkangoja mpaka kitu chenyewe kijibu. Mimi niliwahi kungoja zaidi ya mwaka jibu la swali moja tu, tena swali lenyewe la samaki! Wanangu wakinisikia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu, hawakuwapo.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Kamina ile. Treni ikipiga honi kule reli zinapogawanyika, mtaa mzima ulijua ni saa ngapi. Tulilaza misumari juu ya reli ili magurudumu yaifanye visu, kisha tukajificha kwenye majani tukizibana midomo, mlinzi asisikie tunavyocheka. Mvua ya kwanza ikinyesha tulitoka mbio na mabeseni kukamata kumbikumbi, wengine tukawatafuna pale pale wabichi, mabawa yanatubaki kwenye midomo. Shuleni tulikwenda pekupeku, viatu mkononi ili soli isiishe upesi. Leo mtoto anapanda pikipiki ya teksi-moto kwenda shule ambayo ukuta wake anauona akiwa mlangoni kwao! Haya, mimi sisemi kitu.

Baba yangu alikuwa mpishi kule base, kambi ya ndege za jeshi, kwa fundi mmoja Mzungu. Base iko mbali na mji, kwa hiyo alilala huko juma zima na kurudi Jumamosi kwa lori. Mkataba wa yule fundi ulipoisha, akagawa vitu vyake kabla ya kwenda kwao. Mtunza bustani alipata friji. Mfua nguo alipata viti vinne na meza. Baba yangu akapata boksi kubwa la vioo lenye maji, mchanga mweusi, na samaki sita waliochorwa milia myeusi toka kichwani mpaka mkiani.

Mama alilitazama boksi likishushwa kwenye lori na wanaume wanne, maji yanawamwagikia miguuni.

"Benzako banapata frigo," alisema. "Shiye tunapata samaki ya kutazama."

"Mama Numbi, hii samaki haiko ya hapa," baba akajitetea. "Inatoka Amerika, mu mito ya kule katikati. Kamina muzima hakuna muntu iko nayo."

"Na mu sufuria inaingia?"

Baba akanigeukia mimi. "Mama, weye njo utazichunga. Sawa?"

Msishangae kusikia baba ananiita mama. Mimi nimebeba jina la mama yake mzazi, kambo Numbi, yaani bibi yangu, na kwetu Waluba mwenye jina ndiye yule yule amerudi. Mwanaume mwenye ndevu alimwita mtoto wa miaka kumi "mama" na hakuna aliyecheka. Nikajibu ndiyo, na moyo wangu ulikuwa unaruka.

Tatizo lilikuwa biashara ya mama. Siku za treni alikuwa anauza maandazi kwenye gare, yaani stesheni, ameyapanga kwenye sahani pana na kuyafunika kwa kitambaa, na wateja hawakuacha kulalamika: mara nzi, mara vumbi, mara kitambaa kimelowa mafuta. Siku ya tatu tu nilimkuta anapima lile boksi kwa mkono, shubiri kwa shubiri. "Andazi zote zinaenea humu," alisema, anaongea peke yake. "Na muntu anaziona mbele ya kununua." Aa! Tangu siku hiyo nilijua kwamba mimi na mama tunagombea boksi moja.

Samaki wale tuliwaita zebre, punda milia. Walikuwa wakali, ungefikiri wanalipwa. Dume na jike walichagua jiwe lao na kuwafukuza wengine mpaka kwenye pembe, na ukiweka kidole majini wanakuja kukiuma. Niliwapa kumbikumbi, minyoo na makombo ya bukari, ugali wetu, na makombo ya bukari yakaharibu maji mara mbili kabla sijapata akili. Kila Jumamosi baba alinisaidia kubadilisha maji, na wakati huo tuliwaweka samaki kwenye beseni nyeupe ya mama, ile ya enameli.

Jumamosi moja tukasahau samaki mmoja ndani ya ile beseni, pembeni chini ya kitambaa. Jumatatu asubuhi nakifunua kile kitambaa, mama weee! Samaki mweupe! Milia yote imekwenda! Sikunywa hata chai. Nilikimbia mpaka shuleni nikapiga kelele mlangoni mwa darasa kwamba kwetu samaki wa milia amegeuka mweupe, waje wote waone. Na walikuja. Saa sita darasa zima lilimwagika uani kwetu, na mbele yao alikuwa Mboyo, binti wa askari aliyetoka kule mkoa wa Equateur, msichana mwenye mdomo kuliko sisi wote pamoja.

Sasa, mama alikuwa ameihitaji beseni yake. Samaki alikuwa amemrudisha kwenye boksi, juu ya ule mchanga mweusi. Watoto hamsini wakabandika pua kwenye vioo, wakaona samaki sita, wote sita na milia yao myeusi ti. Nilitamani ardhi inimeze.

"Samaki yako ya kweupe iko wapi?" Mboyo akauliza. "Ao iko mu beseni tu? Mama Beseni!"

Jina likashika. Mama Beseni kwenye mstari wa asubuhi, Mama Beseni kwenye kuruka kamba, Mama Beseni hata kanisani wakati wa kupeana amani. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Banza, mtu mrefu asiyeachana na kofia yake, alinionea huruma. Alinieleza kwamba samaki wa namna ile akikaa mahali peupe anapauka ili ndege wasimwone, na akikaa mahali peusi anakoza. "Ukitaka kuyua rangi ya kweli," aliniambia, "muweke mu kintu ya mweusi. Kama anabakia kweupe mule ndani, kuja uniite." Nilimshukuru, lakini niliapa kwamba kinywa changu hakitasema tena neno samaki.

Kiapo kilivunjika baada ya Krismasi. Yule dume na jike walikuwa wamezaa mara ya kwanza, vitoto vingi sana, na wazazi waliviongoza huku na huku kama walimu wa gwaride. Vingi vilikufa, vingine viliingia kwenye matumbo ya wale samaki wengine wanne, mpaka mama akawakaanga wale wanne wote siku moja aliyokosa kitoweo. Walikuwa miiba mitupu. Watoto wanane wakabaki na kukua. Na siku moja, nimepiga magoti mbele ya boksi, nikaona mmoja wao hana milia. Hana hata mmoja! Ni wa pinki-pinki, rangi ya ndani ya karanga mbichi, na yuko juu ya mchanga mweusi!

Sikukimbia shuleni. Nilikuwa nimefundishwa. Niliingia jikoni nikachukua chungu cha mama cha maharagwe, kile cha udongo, cheusi ndani kwa miaka ya moto, nikakijaza maji na kumtia yule wa pinki pamoja na ndugu yake mmoja wa milia. Nikakaa pale mpaka jua likahama. Yule wa milia alizidi kukoza akawa mweusi kama makala, makaa ya kupikia. Wa pinki alibaki wa pinki.

Mama akarudi kutoka gare, akakuta samaki wa Amerika wanaogelea kwenye chungu cha maharagwe. Ninyi mnajua wenyewe kilichonipata. Lakini hata nikichapwa nilikuwa nacheka, na mama akaacha kunichapa, akainama, akatazama.

"Haiko mgonjwa?" aliuliza.

"Inakula kuliko zote!"

"Hmm," alisema mama, na chungu akakiacha kwangu mpaka jioni.

Nilikwenda kumwita Mwalimu Banza, akaja na velo, baiskeli yake. Akatazama kwa mbele, akatazama kwa upande, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema ni jambo kubwa, lakini si uthibitisho. Samaki anaweza kupoteza rangi kwa ugonjwa au kwa chakula kibaya. "Kama hii rangi iko mu damu," alisema, "atapatia batoto wake. Tutaona kwa batoto." Akalitangaza darasani, kwa nia njema, lakini Mboyo alisimama papo hapo: "Mwalimu, na kama batoto banatoka na milia?" Mwalimu akajibu basi tutakuwa tumekosea. Darasa zima likanigeukia. Kuanzia siku ile, ukweli wangu wote ulikuwa tumboni mwa samaki mmoja.

Nilimchunga, jamani! Yule wa pinki alikuwa jike. Akakua, akachagua ndugu yake mmoja wa milia, wakachimba mchanga chini ya jiwe. Ilikuwa sasa kiangazi kimeanza, na mnaijua baridi ya Kamina ya mwezi wa sita, asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi na watoto wanagombea nafasi kwenye mbabula, jiko la makala. Samaki wa nchi za joto hawezi maji ya namna hiyo. Nilichemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikaifunga na kuilaza ndani ya boksi, asubuhi na jioni. Mama alilalamika kila siku: "Makala yangu inapikia samaki yenye haitaliwa!" Alilalamika, halafu akaongeza kipande kingine cha makala mwenyewe.

Wakazaa. Niliwangoja wale watoto juma la kwanza, la pili, la tatu, nikiwahesabu na kuwakagua mmoja mmoja. Milia. Wote milia, hakuna hata mmoja wa pinki! Nikawatia kwenye chungu cheusi, wakakoza wote. Mwalimu Banza alikuja, akatazama, akaniwekea mkono begani. "Numbi, tulikosea," alisema. Kesho yake Mboyo alinipokea getini kwa wimbo wa Mama Beseni, na safari hii ulikuwa na mistari mitatu.

Na halafu, mwezi wa saba, makala yakapotea mjini siku nne kwa sababu malori hayakutoka porini. Asubuhi ya nne nilimkuta samaki wangu wa pinki amelala ubavu juu ya mchanga. Nililia kama mtu aliyefiwa, na nilikuwa nimefiwa.

Baba aliporudi Jumamosi mama alisema imetosha. Samaki mwenye maana amekufa, waliobaki ni wa milia tu kama wale wa kwanza, boksi liende gare. Baba alikula bukari yake mpaka ikaisha. Alipomaliza kunawa akasema: "Mama Numbi, muachie mama mpaka Pasaka."

"Pasaka gani? Iko mbali!"

"Mpaka Pasaka. Kisha ni ya andazi."

Mama akakubali, shingo upande. "Siku ya Pasaka hii boksi iko ku gare," aliniambia, kidole kikinielekea puani. "Usiniletee machozi."

Lakini sikuwa na la kungojea. Baba alikuwa ameniombea siku za bure. Basi jioni moja nimekaa chini katikati ya magoti ya mama, ananisuka, na machozi bado yananitoka, akanivuta nywele. "Unalilia nini siku zote? Kambo yako Numbi alikufa mbele ya weye kuzaliwa. Na mwanya yake iko wapi leo?" Akanishika kidevu, akagonga meno yangu ya mbele kwa ukucha. "Tata yako hana mwanya. Minyi sina mwanya. Alipita juu yetu, akakuja kukaa mu kinywa yako. Bantu habapotei hivi hivi."

Nikaruka! Nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima, nikakimbia mpaka kwa Mwalimu Banza. Nilimkuta anakata kuku. "Mwalimu, haiko kwa batoto! Ni kwa bajukuu!" Alinicheka mwanzo. Halafu nikamwonyesha mwanya wangu, nikamweleza kwamba kambo alikuwa nao, baba na mama hawana, naye akakiweka kisu chini. Akachukua kijiti, akachora mistari kwenye mchanga wa uani, samaki juu, samaki chini, akafuta, akachora tena, kuku ananing'inia mkono wa kushoto. "Inawezekana," alisema taratibu. Kisha kwa sauti: "Numbi, inawezekana kabisa! Usitupe hata mmoja!"

Kutoka pale nilikuwa na kazi. Watoto sita wa yule marehemu walikuwa wamepona, wote milia. Wale wakubwa waliobaki niliwatoa, mama akawaingiza kwenye mafuta, sikuuliza. Boksi zima likawa la wale sita. Krismasi ikapita. Kumbikumbi wakaja, nikawalisha mpaka wakanenepa. Januari hakuna kitu. Februari dume moja na jike moja wakaanza kufukuza wenzao. Kwaresima ikaingia, padri akatupaka majivu, na mimi sikuahidi kuacha sukari tu au kugombana tu. Nilimwahidi Mungu vyote kwa mkupuo mmoja, ilimradi wale samaki wazae kabla ya Pasaka. Mama naye alikwisha kushona pazia dogo la kufunikia boksi kwa juu, na alilianika kwenye kamba nilione.

Juma Kuu, Jumatatu, nikaona mayai juu ya jiwe. Alhamisi yalikuwa yameanguliwa, vitu vinatetemeka tu, huwezi kujua rangi. Pasaka ikafika! Mama akatazama jiwe, akanitazama mimi. "Siku nane," alisema. "Si kwa sababu yako. Treni ya Jumatatu hii haiji." Siku nne za kwanza zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Alhamisi baada ya Pasaka nilishtuka usingizini asubuhi, jua limeshaingia, jambo ambalo mama hakuliruhusu kamwe. Nikaenda kwenye boksi na macho yamejaa tongo. Wingu la vitoto lilikuwa limetoka chini ya jiwe na linaogelea, wazazi pembeni. Vyeusi-vyeusi, vyeusi-vyeusi, na katikati yao, wee! Kimoja cheupe! Cha pili kule! Cha tatu, cha nne! Nilipiga kelele mpaka jirani alifikiri nyumba inaungua. Wajukuu wamemleta bibi yao!

Mama alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye kitenge, akainama. "Kweli," alisema, akarudi jikoni.

Saa sita walikuja wote, Mboyo mbele, na wimbo wake tayari. "Leo beseni gani?" alisema. Niliingia ndani, nikatoka na chungu cha maharagwe, na mama hakunizuia. Niliteka vitoto kwa kikombe nikavimimina kwenye weusi ule. Vile vya milia vikapotea machoni, usingejua kama vipo. Vile vingine viling'aa, na watoto hamsini wakasema "Eee!" kwa pamoja. Mwalimu Banza alivua kofia na safari hii hakuivaa tena mpaka alipoondoka. Mboyo alitazama muda mrefu, mikono magotini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Numbi, vikikomaa, unaweza kunipatia kamoja?" Numbi! Jina langu lilikuwa limerudi.

Boksi halikwenda gare. Mama aliendelea na sahani yake na kitambaa chake, na mteja akisema nzi, alimjibu asiyetaka asinunue. Samaki wa pinki walienea mtaa mzima, kwenye mapipa na ndoo zilizokatwa, mpaka ikaja miaka migumu, watu wakahama, mapipa yakauzwa, nao wakaisha mmoja baada ya mwingine. Sikumbuki wa mwisho alikufa lini.

Juzi binti yangu wa mwisho alinisikia nikisimulia haya, akachomoa simu. Sekunde mbili! "Mama, njo hii? Banaiuza kila mahali. Rangi ya kawaida tu." Akanionyesha picha, wa pinki hamsini kwenye boksi moja. Ni wale wale. Nilimwambia aipeleke simu yake kule, asinichafulie hadithi, na sote tukacheka.

Mama yangu alikuwa hapo kwenye kiti chake, mzee sasa, anapeta mchele. Naye akacheka, halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Ile Alhamisi niliamka mbele yako. Nilibeba ndoo, nimwange ile maji mbele ya weye kuamka, boksi iende ku gare. Nilichoka, mwanangu. Nilichoka na makala, na harufu, na siku nane yenyewe nilikupatia. Niliinama, njo nikaona batoto beupe. Nikaweka ndoo chini. Nikaenda jikoni nikakaa."

"Na haukuniamusha?"

"Ningekuamusha, ingekuwa minyi njo niliona. Ilifaa uone weye."

Miaka yote hii nilijua kwamba mimi ndiye wa kwanza Kamina nzima kuwaona, na nilijisifia hilo kwa wanangu, kwa wajukuu, hata kwa abiria wenzangu safarini. Kumbe mama alikaa jikoni na habari ile mdomoni, anasikiliza kama nimeamka, na akaibeba hivyo mpaka uzeeni. Vijana wa leo ni wazuri, wanajua mengi, na kila wanachokiona wanakirusha kwenye simu kabla hakijapoa. Sisi tulilelewa na watu waliojua kunyamaza ili mwingine afurahi, na wakati ule hatukujua.